Injini ya Midjeti: Hesabu Gharama kwa Kila Mashindano

Mwezi wa pili kijana mmoja alinipigia simu kutoka Iowa. Alizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akaletwa Marekani akiwa mtoto, na sasa ni fundi wa malori. "Shikamoo fundi," akaanza, "nimepata injini ya midjeti. Mwenyewe anataka dola 28,000. Nimeweka akiba miaka minne. Nitume hela?" Nikamwitikia marahaba, kisha nikamuuliza mambo matatu. Umesoma kanuni za chama utakachokimbia nacho? Injini hiyo imekimbia mashindano mangapi tangu ifunguliwe mara ya mwisho? Na spea zake nani anazitengeneza leo? Hakuwa na jibu hata la swali moja. Nikamwomba asitume hata senti mpaka nimwandikie.

Haya ndiyo niliyomwandikia. Nimeyaongeza kidogo, kwa kuwa vijana wetu wanaozungumza Kiswahili huku Marekani wameanza kuingia kwenye viwanja vya udongo, na wengi wanaingia na bidii ya kazi ya gereji bila mtu wa kuwaonyesha njia. Mimi nilijifunza ufundi Mombasa, na nimeshika spana za midjeti kwa miaka mingi hapa katikati ya Marekani. Nimeona familia tatu zikiuza gari, trela na kila kitu kwa sababu ya injini. Hakuna hata moja iliyoacha kwa kukosa kipaji.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona gari lenyewe: midjeti ni kigari cha magurudumu wazi, chenye uzito wa kilo 400 na ushei, na injini ya silinda nne iliyokaa mbele ya dereva. Zile za daraja la juu hutoa nguvu za farasi zaidi ya 300. Hakina klachi wala gia za kubadilisha. Pikapu hukisukuma kwa nyuma mpaka kiwake. Hukimbia kwenye viwanja vidogo vya mviringo, vingi vya udongo, vyenye urefu wa robo au theluthi ya maili, na kona zote ni za kushoto. Mchezo huu ulianza California mwaka 1933, miaka ya dhiki kuu ya uchumi, na sifa yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtu wa kipato cha kawaida angeweza kulijenga gari mwenyewe nyuma ya nyumba.

Sifa hiyo haikudumu. Katikati ya miaka ya 1930 Fred Offenhauser alitoa injini ndogo ya mashindano yenye ujazo wa inchi 97, takribani lita 1.6, na asiyekuwa nayo akawa anapigania nafasi za nyuma. Ahueni ya maskini ilikuja mwaka 1937 pale Ford ilipoanza kuuza injini ndogo ya V8 ya farasi 60 kwa magari ya kawaida. Mafundi wakaichukua, wakaichonga, wakakimbia nayo miaka mingi. Baadaye ikaingia injini ya Volkswagen iliyopozwa kwa hewa, ndugu wa ile iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Ukiifuatilia historia hii utaona jambo moja likijirudia: injini ya gari la kawaida inaingia kuokoa mchezo, watu wenye hela wanaigeuza kuwa kitu cha thamani, kisha inatafutwa nyingine. Leo injini mpya ya daraja la kitaifa hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Chili Bowl ya Tulsa, Oklahoma, ndiyo mashindano ya midjeti yanayotamaniwa kuliko yote. Hufanyika ndani ya ukumbi kila Januari tangu 1987, na huvuta magari zaidi ya 300. Hata hivyo, kwa miaka mingi mshindi wake alipewa dola 10,000. Bingwa wa mashindano makubwa kuliko yote hakuweza kuilipia injini yake kwa zawadi yake. Basi yeyote anayekwambia ukope ununue injini kubwa, itajilipa kwa ushindi, anakudanganya, hata kama hajui kwamba anakudanganya.

Sasa hesabu. Kosa la kwanza la kila mgeni ni kuuliza bei. Bei ni sehemu tu. Unachotakiwa kujua ni kila mashindano yanakula kiasi gani cha injini. Chukua namba za mfano. Injini ya dola 30,000, mashindano 20 kwa msimu, misimu mitatu, ovaholi moja kila msimu kwa dola 8,000, na mwishoni unaiuza kwa 12,000. Umetoa 54,000, zimerudi 12,000. Zile 42,000 zilizobaki ukizigawa kwa mashindano 60 unapata dola 700 kila mara gari linaposhuka kwenye trela, kabla ya matairi, mafuta na kiingilio. Mwenzako kanunua injini ya asili ya gari la kawaida kwa 9,000, kaifungua mara moja tu katika misimu mitatu kwa 3,000, kaiuza kwa 4,500. Yeye analipa dola 125. Na kwenye uwanja mdogo wenye utelezi, mimi nimeshuhudia magari ya aina zote mbili yakimaliza mbio yakiwa yameachana kwa urefu wa gari moja. Andika hesabu hii kwa namba zako mwenyewe, kwenye karatasi, umwonyeshe mkeo au mumeo. Kama huthubutu kumwonyesha, jibu unalo.

Kabla ya injini, kanuni. Kila chama kina kitabu chake, na injini iliyo halali kwa chama kimoja yaweza kuwa haramu kwa jirani. Angalia kwanza kama kuna daraja la injini za asili ya magari ya kawaida. USAC, chama kikubwa cha mbio hizi, kilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 daraja la Ford Focus, lenye injini za lita 2 zilizopigwa lakiri ili mtu asizifungue na kuzichonga kwa siri. Baadaye Honda nayo ikaingia kwa mtindo huohuo. Vyama vya majimbo vina madaraja yao. Penda lakiri. Penda pia kanuni ya kununuliwa, ambayo hutumika kwenye baadhi ya madaraja ya wenyeji: baada ya mbio, mpinzani ana haki ya kuinunua injini yako kwa bei iliyokwisha kupangwa. Kanuni hiyo inawakera wengi, lakini hakuna dawa kali kuliko hiyo. Nani ataweka dola 20,000 ndani ya injini ambayo jirani anaweza kuichukua kwa 4,000?

Kama katika eneo lako hakuna daraja la namna hiyo, yapo magari ya maikro yanayotumia injini za pikipiki za sentimita za ujazo 600, na kwa watoto zipo midjeti za robo zenye injini ndogo za Honda za kiwandani zilizopigwa lakiri, aina ileile ya injini inayosukuma pampu za maji mashambani kwetu. Nasema haya waziwazi kwa wazazi: mtoto wa miaka kumi hahitaji injini ya bei, anahitaji mizunguko mingi ya uwanja.

Injini gani basi? Ninayoipendekeza mara nyingi ni familia ya Honda K24, lita 2.4, silinda nne, valvu 16, ambayo kila anayeijua CR-V ya Nairobi au Dar es Salaam ameshawahi kuisikia ikinguruma. Nyingine ni Ecotec ya Chevrolet, ya ukubwa huohuo. Sababu yangu si nguvu. Sababu ni kwamba blok, kranki na silinda hedi zake zinapatikana kwenye yadi za magari chakavu karibu kila mji wa Marekani, na mafundi wanaozijua ni wengi. Injini yatima, yaani ile ambayo mtengenezaji wake alifunga duka au aliacha kuichonga, hata ukipewa bure ni mzigo. Siku gasketi yake moja itakapokuwa haipatikani, utaitazama ikiwa imelala kwenye meza mpaka msimu uishe.

Lakini injini ya CR-V haikuumbwa kwa midjeti, na hapa ndipo watu wanapotaka kuokoa mahali pasipofaa. Kona zote ni za kushoto. Kwa hiyo oili yote inakimbilia upande wa kulia wa injini, inapanda ukutani na kukaa huko, na pampu iliyozoea kunyonya katikati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inanyonya hewa. Sekunde mbili za hewa katika kila kona, mizunguko 25, joto la mbio: beringi za kranki zinachubuka, injini inanoki, na konrodi inatoka nje kupitia ubavu wa blok. Nimeshika blok ya namna hiyo mikononi. Tundu lake linapitisha ngumi. Mwenyewe alikuwa ameokoa dola mia chache kwa kubaki na sampu ya kiwandani. Weka mfumo wa sampu kavu, wenye pampu ya nje na tangi la pembeni, au, kama kanuni na mfuko haviruhusu, angalau sampu iliyotengenezwa mahsusi yenye vizuizi vya ndani vinavyoizuia oili isikimbie. Kati ya dola zote utakazotumia kwenye injini, hizi ndizo zitakazorudi kwanza.

Na katika kuwasha, kuna jambo ambalo ni la bure kabisa. Gari linapoanza kusukumwa, usifungue moto wala mafuta. Acha injini izunguke tu, ukiitazama geji ya presha ya oili. Presha ikipanda, ndipo uwashe. Dereva mwenye haraka anawasha pale pikapu inapogusa bampa, na beringi zinasagana zikiwa kavu. Ifanye hesabu: usiku mmoja una mazoezi, mbio za kufuzu, mbio za mchujo na fainali, basi ni kuwashwa mara nne au tano. Kwa msimu, mara mia. Oili nayo ipashwe kabla, kwa kipasha moto cha umeme, hasa majira ya baridi ya huku. Oili baridi ni nzito kama asali na haifiki inakotakiwa kwa wakati.

Sasa nifike kwenye mizunguko ya injini, maana humu ndimo akiba kubwa imejificha na ndilo jambo ambalo watu hawataki kulisikia. Nguvu inayoivuta konrodi kila pistoni inapofika juu haikui sawasawa na mizunguko. Inakua kwa mraba wake. Ukishusha kikomo kutoka mizunguko 9,000 kwa dakika hadi 8,000, umepunguza mizunguko kwa asilimia 11, lakini mzigo ule umeshuka kwa asilimia 21. Boliti za konrodi, beringi, springi za valvu, vyote vinapumua. Kwa K24 jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa pistoni yake husafiri milimita 99 kila inapopanda. Kwa mizunguko 8,000 mwendo wake wa wastani ni mita 26 kwa sekunde, mwendo wa injini za mashindano halisi zenye vyuma vya bei. Kwa 7,000 ni mita 23, na hapo konrodi na pistoni nzuri za kawaida zinaweza kuishi. Weka kikomo kwenye kompyuta ya injini, kisha umkabidhi mtu mwingine neno la siri. Dereva aliyepitwa si mtu wa kuamua kikomo.

Utauliza: sitaachwa? Jibu liko kwenye difu. Midjeti zina difu ya kubadilishwa haraka: nyuma kuna kifuniko, ndani gia mbili, unazitoa na kuweka nyingine kwa dakika chache ukiwa umepiga magoti kwenye udongo. Wengi huweka gia fupi ili gari liruke kwenye kona, injini ikipiga kelele hadi mwisho wa mnyoofu. Jaribu gia ndefu zaidi. Mwanzoni mwa jioni, udongo ukiwa na unyevu na unashika, utapoteza kidogo. Baada ya saa mbili, udongo ukiwa umekauka na kung'aa kama sakafu iliyopigwa nta, gari lenye gia ndefu halizungushi tairi ovyo na ndilo linalotoka kwenye kona. Fainali hukimbiwa saa hiyo. Kijana, jifunze kuuendesha uwanja wa utelezi kabla ya kujifunza kununua farasi. Dola 1,500 za shokabsoba na siku tatu za mazoezi zimewapita watu wengi waliokuwa na injini za dola 50,000.

Methanoli. Magari mengi ya midjeti yanaichoma badala ya petroli kwa sababu inaipoza injini na inakubali mgandamizo mkubwa. Gharama yake ya kwanza inajulikana: kwa kazi ileile inakwenda karibu mara mbili ya petroli kwa ujazo. Gharama yake ya pili ndiyo inayofilisi. Methanoli hunywa maji kutoka hewani, na maji hayo pamoja nayo hula aluminiamu: pampu ya mafuta, nozeli, valvu za kupitishia, kuta za mifereji. Isiyoungua hupenya kwenye ringi na kuingia kwenye oili, na oili ikageuka rangi ya maziwa. Oili hiyo hailindi kitu.

Nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nahudumia gari la rafiki yangu. Mbio za Jumamosi zilivunjwa na mvua, tukafunga trela usiku wa manane tumelowa, na kila mmoja akaenda nyumbani. Tulirudi kulifungua baada ya wiki tatu. Pampu ya mafuta ilikuwa imeshika, nozeli mbili zimeziba kwa unga mweupe, na oili ilikuwa kama chai ya maziwa. Tulisafisha tulichokiona, tukawasha. Nozeli moja tuliyodhani imezibuka ilikuwa bado inapitisha nusu. Silinda ya tatu ikakosa mafuta, pistoni ikayeyuka tundu katikati. Hakuna fundi mwingine wa kulaumiwa. Kazi ya kuisafisha injini usiku ule ilikuwa yangu, na ingenichukua nusu saa.

Nusu saa hiyo ndiyo hii. Kila baada ya mbio, hata kama kumenyesha, mwaga methanoli yote kwenye tangi na uihifadhi kwenye chombo kilichozibwa. Pitisha petroli kidogo, au kilainishi cha mfumo wa mafuta kinachouzwa kwa kazi hiyo, mpaka kifike kwenye nozeli. Mwaga oili ingali moto. Fungua plagi, nyunyizia oili nyepesi ndani ya kila silinda, zungusha kranki kwa mkono mara kadhaa. Ziba ekzosi na midomo ya kuingizia hewa kwa kitambaa. Oili mpya kwa kila mashindano inaonekana ni anasa; linganisha na bei ya kranki. Na vaa glavu. Methanoli ni sumu, hupita kwenye ngozi, na moto wake hauonekani mchana. Mwaka 1981, kwenye Indianapolis 500, Rick Mears aliungua usoni kwenye kituo cha huduma ndani ya moto ambao watu waliokuwa karibu naye hawakuuona. Ndoo ya maji iwe karibu kila unapomimina.

Kwa wanaotumia upulizaji wa kimakanika badala ya kompyuta, zingatia jeti ya kurudishia mafuta. Tundu likiwa kubwa, mafuta mengi zaidi yanarudi kwenye tangi na injini inapata machache. Jioni ya baridi na hewa nzito inataka mafuta mengi kuliko alasiri ya joto. Andika joto, unyevu, jeti uliyotumia na rangi ya plagi ulipozitoa. Baada ya msimu mmoja utakuwa na kitabu kinachokuhusu wewe na injini yako, na pistoni zako zitakushukuru. Ukiwa na shaka, ongeza mafuta. Injini iliyoshiba inapoteza farasi watano. Iliyokufa njaa inapoteza pistoni.

Udongo nao una njia yake ya kula injini. Vumbi la uwanja likipita kwenye kichujio, linakuwa msasa kati ya ringi na ukuta wa silinda. Kivishe kichujio soksi ya nje, ibadilishe kati ya mbio za mchujo na fainali, na upake grisi mahali kichujio kinapokaa. Ukipitisha kidole ndani ya bomba baada ya mbio na kikatoka na vumbi, usilale kabla hujapata tundu.

Vipimo vya kujua afya ya injini bila kuifungua havina gharama kubwa. Nunua kifaa cha kupima uvujaji wa silinda. Pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, unaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na kusoma asilimia inayopotea. Chini ya tano ni afya njema. Ikipita kumi, sikiliza hewa inatokea wapi: kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi, kwenye mdomo wa hewa, ni valvu ya kuingizia, kwenye kipumulio cha oili, ni ringi, mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi. Namba moja peke yake haikuambii mengi. Namba za silinda nne kwa mashindano kumi mfululizo zinakuambia lini utaifungua, na utaifungua kwa ratiba yako badala ya kufunguliwa na uwanja. Pima pia nafasi za valvu kila wiki. Nafasi inayopungua ina maana valvu inazama kwenye kiti chake au inarefuka, na kichwa chake kikikatika kitaua kila kitu kilicho chini yake. Kata kichujio cha oili, kikunjue juu ya kitambaa cheupe, tafuta chembe zinazong'aa. Mara moja au mbili kwa msimu peleka oili maabara. Ni gharama ya dola chache tu. Shaba na risasi zikipanda, ni beringi. Aluminiamu, pistoni. Chuma, kamshafti au kuta za silinda. Silika, vumbi, na unajua sasa vumbi linatoka wapi.

Kuna akiba nyingine isiyohusu spana: ushirika. Kule Wisconsin kuna chama cha Badger kilichoanzishwa mwaka 1936, na kwa miaka mingi magari yake yamekimbia Angell Park, mji wa Sun Prairie. Chama hakidumu muda huo wote kwa hela za matajiri wachache. Kinadumu kwa majirani. Watu wanne wenye injini za aina moja wanaweza kununua kwa pamoja hedi moja ya akiba, pampu moja ya akiba, seti moja ya gia na kifaa cha kupimia. Sisi tumelelewa kwenye harambee na vyama vya kuwekeza; hapa tuna kitu cha kuwafundisha wenyeji wetu. Andikeni makubaliano mapema: anayeharibu hedi ya kikundi anairudisha lini na kwa hali gani. Urafiki usio na karatasi hufa haraka kuliko injini.

Na kuna mahali pa kutogusa kabisa unapopunguza gharama: usalama. Mwaka 2016 Bryan Clauson, dereva aliyependwa na kila mtu katika mchezo huu, alipata ajali ya midjeti huko Belleville, Kansas, akafariki kesho yake akiwa na miaka 27. Alikuwa bingwa, kwenye gari zuri. Mchezo huu unaua hata waliojiandaa. Mikanda iliyopitwa na tarehe, kofia ya mtumba, kifaa cha kushikilia kichwa na shingo kilichoazimwa kwa mtu wa umbo lingine, kiti kisichokubana: hivyo visiwe kwenye hesabu ya kupunguza. Ukiona injini inataka hela iliyotengwa kwa mikanda, kaa nyumbani wiki hiyo.

Ukienda kununua injini iliyotumika, nenda mwenyewe. Beba kifaa chako cha kupima uvujaji na kamera nyembamba ya kuingiza kwenye tundu la plagi. Uliza nani aliifungua mara ya mwisho, kisha umpigie huyo. Uliza karatasi ya mashine ya kupimia nguvu, lakini usiipe uzito kuliko daftari la injini. Nguvu za siku moja ya miaka mitatu iliyopita hazikuambii beringi za leo zikoje. Muuzaji mkweli atakuonyesha kurasa zenye alama za vidole vya oili: tarehe, idadi ya mizunguko ya uwanja, nafasi za valvu, nini kilibadilishwa.

Yule kijana wa Iowa alimwomba muuzaji daftari hilo. Halikuwapo, na muuzaji akaacha kujibu simu. Mwezi wa nne alinunua K24 ya dola 7,500 kutoka kwa familia iliyokuwa inastaafu mchezo, ikiwa na sampu kavu na daftari la misimu miwili, na akabakiwa na hela ya mikanda mipya, kofia na matairi. Nawe msomaji, kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote, omba daftari la injini. Kama halipo, usitume.